Beringi ya Siku ya Sabato

Jumamosi ile Ithungu alikuwa ameshamtukana mtu kabla chai haijachemka. Mtu mwenyewe alikuwa dereva wa gari la kukodi, aliyefika Rukoki, pembeni ya mji wa Kasese, saa mbili asubuhi, akaegesha uani na kushuka huku akitafuna muwa. Alipomwona bibi Biira amelala kwenye godoro barazani, macho yameingia ndani na shingo imebaki mishipa mitupu, aliacha kutafuna.

“Huyu ndiye wa kupeleka Bwera?”

“Kwani unaona mwingine?”

“Mama, huyu mimi sibebi. Akinifia njiani, nani atapanda gari yangu tena? Kasese yote watasema ni gari ya maiti.”

“Hajafa! Na masikio anayo, anakusikia!”

Dereva hakubishana. Aligeuza gari akaondoka, na Ithungu akamsindikiza kwa maneno yasiyoandikika na kiatu kimoja.

Biira alikuwa mama mzazi wa Ithungu. Walimleta kutoka kwake Ihandiro, juu ya Bwera, ili atibiwe mjini, na baada ya wiki tano daktari aliwaambia wampeleke nyumbani, maana dawa zilikuwa zimemaliza kazi yake. Tangu siku hiyo kikongwe alikuwa na neno moja tu. Hakutaka kufia huku chini kwenye joto. Hakutaka kupandishwa kilima akiwa amefungwa ndani ya blanketi kama mzigo wa mihogo. Alitaka kuingia kwenye mlango wake macho yakiwa wazi, auone mwenyewe, ndipo mengine yafuate.

Na gari la kumpeleka lilikuwepo. Lilikuwa pale pale uani, pikapu nyeupe ya Ithungu, ile anayobebea samaki kutoka ziwani Kasenyi hadi soko la Bwera. Biira ndiye aliyeuza shamba lake la kahawa ili inunuliwe. Alimkabidhi binti yake zile noti zimefungwa kwenye pindo la kitenge, akasema, “Nunua. Lakini safari yangu ya mwisho unanibeba wewe, si mtu wa kukodi.” Sasa safari imefika, na gurudumu la mbele la kushoto la pikapu limekufa.

Halikufa ghafla. Wiki mbili nzima lilikuwa likiunguruma, mwanzo kama nyuki ndani ya debe, kisha kama jiwe la kusagia. Ithungu alifanya nini? Aliongeza sauti ya redio. Alhamisi gurudumu likaanza kucheza, na Ijumaa alipolishika juu na chini akalitikisa, likaitikia koto-koto. Alikwenda mjini akanunua beringi mbili, ya ndani na ya nje, pamoja na sili yake ya mpira, akapatana na jirani yake Tsongo azifunge Jumapili asubuhi. Tsongo alikuwa fundi wa siku nyingi, mtu wa mikono mizito na maneno machache. Mpango ulikuwa mzuri. Ila Jumamosi alfajiri Biira alimshika binti yake kidole akamwambia, “Jumapili ni mbali, Ithungu.”

Alipomwambia hivyo, Ithungu alikimbilia kwa Tsongo akiwa na leso tu kiunoni. Tsongo alikuwa ameshavaa shati jeupe, anafunga vifungo vya mikono aende kanisani. Yeye ni Msabato, na si wa mdomoni.

“Mama Evas, leo siwezi kushika spana. Jua likizama nitakuja, hata chakula sitakula.”

“Jua likizama! Mimi nipande Ihandiro gizani na mgonjwa nyuma? Na kama hafiki jioni?”

“Ninajua.”

“Yesu wako aliponya watu siku ya Sabato, au huo ukurasa uliuruka?”

“Aliponya watu,” Tsongo alisema polepole. “Gari hakutengeneza.”

Ithungu alimwangalia viatu vyake vilivyong'arishwa, akatamani avikanyage. Baada ya hapo ndipo alipopiga simu ya gari la kukodi, na dereva wa muwa akaja na kwenda. Akapiga tena kwa fundi mmoja wa mjini. “Niko njiani, mama,” alisema yule fundi, na sauti za kitanda zikasikika. Alipompigia mara ya pili, simu ilikuwa imezimwa.

Kahambu ndiye aliyesema lile neno. Alikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma, mwanamke wa Butembo, Kongo, aliyevuka mpaka na watoto wawili na cherehani. Alitoka na bakuli la uji wa Biira, akauona uso wa mwenye nyumba, ambaye alimwita Yaya, dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao.

“Yaya, ile mutu ya taksi amekimbia?”

“Amekimbia.”

“Basi tufanye sisi. Beringi si iko hapa? Mi sijui mambo ya gari, lakini mikono niko nayo.”

“Kahambu, hii si cherehani.”

“Hata cherehani nilianza bila kujua.” Aliweka bakuli chini. “Mama yangu alifia Butembo, mi niko hapa. Hata kaburi sijaona. Leta hiyo spana.”

Ithungu alikuwa anajua kubadilisha tairi, na mara moja alimwona Tsongo akifungua gurudumu la mtu mwingine. Basi. Kwa elimu hiyo walilegeza nati za gurudumu gari likiwa chini, wakapiga jeki, wakasukuma kisiki cha mkaratusi chini ya chesisi ili jeki ikiteleza wasikatwe miguu. Gurudumu likatoka. Kalipa, kile kibano cha breki, wakaifungua boliti zake mbili, wakaining'iniza kwa waya ili mpira wa breki usivutike. Kahambu alifunga ile waya kwa fundo la kushonea magunia, zuri kuliko la fundi.

Kisha Ithungu akabandua kifuniko kidogo cha katikati, kile kinachofanana na kikombe cha chai kilichogeuzwa.

Grisi ilikuwa nyeupe. Haikuwa ya kahawia wala nyeusi. Ilikuwa nyeupe ya maziwa yaliyokatika, na tone la maji likachuruzika hadi kwenye kiganja chake.

Alijua maji yale yametoka wapi. Kila asubuhi Kasenyi, akishapakia samaki, alikuwa akiingiza pua ya pikapu ziwani hadi maji yafunike magurudumu ya mbele, kuosha vumbi la mbugani, kwa sababu gari la mama yake halikuingia sokoni Bwera likiwa chafu hata siku moja. Tsongo alimwambia mwaka jana: gurudumu lililotoka mbio lina moto, ukilitia kwenye maji baridi linayanywa. Yeye alijibu nini? Alimwambia ana wivu kwa kuwa anaendesha baiskeli.

“Nimeiua mwenyewe,” alimwambia Kahambu. “Kwa kuiosha.”

“Utalia kesho. Vuta.”

Walitoa pini, nati, beringi ya nje, wakavuta lile bakuli zito la chuma ambalo gurudumu hufungwa juu yake, mafundi huliita habu. Ndani yake kulikuwa na vikombe viwili vya chuma vya beringi ya zamani, vimeliwa na kutu. Kuving'oa ilikuwa kazi ya saa mbili, kipande cha nondo na nyundo, piga huku, piga kule, piga huku. Ithungu alijipiga kidole gumba mara mbili. Jua la Kasese lilikuwa limeshapanda, mabati yanalia, na barazani Biira anapumua kwa mdomo. Kila baada ya dakika chache Kahambu alikimbia kumlowanisha midomo kwa pamba, akarudi.

Saa saba kasoro vikombe vya zamani vikatoka. Ithungu alichukua kipya, akakiweka mdomoni mwa habu, akapiga. Kikaingia upande. Akapiga upande wa pili. Kikakaza zaidi, kimeinama kama kofia ya mlevi. Akainua nyundo ampige nayo shetani mwenyewe.

“Yaya, utaipasua! Ingine haiko!”

Nyundo aliitupa. Ikagonga ukuta wa choo. Akaketi kwenye mavumbi, miguu mbele kama mtoto, mikono myeusi, akafunika uso kwa mikono hiyo hiyo. Beringi nyingine ilikuwa mjini, na duka lilikuwa limefungwa saa sita. Mama yake hatauona mlango wake. Atafia barazani kwa mtoto aliyesikia gari likilia akaongeza redio.

Sauti ikatoka barazani, nyembamba kama uzi.

“Ithungu.”

“Mama?”

“Mbona kelele imeacha?”

“Napumzika, mama.”

“Usipumzike. Ukinyamaza nadhani nimeshakufa.”

Kahambu alikwenda kuiokota nyundo. Wakati huo huo Tsongo akaonekana upande wa pili wa ua wa minyaa, ametoka kanisani, Biblia kwapani. Aliketi kwenye benchi lake. Aliangalia habu. Aliangalia kile kikombe kilichoinama. Taya lake likacheza.

“Usiniangalie kama hutanisaidia,” Ithungu alisema.

“Sikuangalii.” Akafungua Biblia, akaifunga. “Lakini kama ingekuwa Jumapili, kitu kilichokaa upande nisingekipiga tena mbele. Ningekigonga kutoka nyuma, taratibu, kitoke.”

Ithungu aliinua kichwa.

“Halafu?”

“Kama ingekuwa Jumapili? Ningekitia kwenye baridi kali nusu saa. Na lile bakuli ningeliweka juu ya makaa kidogo, lisiwe jekundu, liwe la kukataa mkono. Chuma cha moto hupanuka. Cha baridi husinyaa. Vinapokutana havigombani.”

“Baridi kali nitaitoa wapi, Kasese hii?”

Tsongo alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile. “Mwanamke anayelala na barafu ya samaki, ananiuliza mimi baridi.”

Kahambu alicheka hadi akajishika tumbo. Kulikuwa na friji kuukuu iliyolazwa chali nyuma ya jiko, imejaa barafu na ngege wa jana. Kilichoinama kiligongwa kutoka nyuma kikatoka, na vikombe vyote viwili vikafungwa kwenye mfuko wa plastiki, fundo juu ya fundo maji yasiingie, vikazikwa katikati ya samaki. Habu ikapanda kwenye sigiri ambayo uji wa Biira ulipikiwa. Wakangoja. Ithungu alikwenda kukaa karibu na mama yake akamshika mguu. Ulikuwa baridi, na nje kulikuwa na joto la kukaanga karanga.

“Unanuka mafuta,” Biira alisema.

“Ni grisi.”

“Afadhali. Siku zote unanuka samaki.”

Nusu saa ilipopita kikombe kilishuka ndani ya habu kwa mapigo matatu, sauti ikabadilika kutoka ting kuwa tup, na kutoka ng'ambo ya minyaa mtu alisema “Amina” bila kuulizwa. Cha pili hakikuhitaji hata mapigo matatu. Grisi mpya ndiyo iliyokuwa kazi ya Kahambu: aliijaza kiganjani, akaikandamizia beringi mpaka grisi ikatokea upande wa pili, kidogo kidogo, jinsi anavyokanda bundu, ugali wa mihogo, isiache kidonge. Beringi ya ndani, sili mpya, habu ikarudi kwenye ekseli, beringi ya nje, nati.

“Kama ingekuwa Jumapili,” Tsongo alisema, “ningekaza nati huku nikizungusha, kisha ningeilegeza yote, halafu ningeirudisha kwa vidole tu. Vidole, Mama Evas. Si spana.”

“Nimesikia.”

Kisha akaingia ndani kula.

Ithungu aliirudisha kwa vidole, kama alivyoambiwa. Akaitazama. Akatazama barazani. Kilomita hamsini na kitu hadi Bwera, kisha kilima cha Ihandiro chenye mawe, na mama yake nyuma, na kinachoshika gurudumu ni nati iliyofungwa kwa vidole? Vidole hufunga chupa ya soda. Alichukua spana akaongeza robo mzunguko, kwa upendo wote alionao, akatia pini, akafunika. Hakumwambia mtu.

Saa tisa na nusu waliinua godoro. Tsongo alitoka, akavuka minyaa na shati lake jeupe, akashika upande wa kichwa.

“Leo si Sabato tena?” Ithungu aliuliza.

“Kubeba mgonjwa si kazi.”

“Na nati ndiyo kazi.”

“Nati ndiyo kazi yangu siku sita,” alisema, akamlaza Biira nyuma ya pikapu, juu ya maganda ya migomba yaliyotandikwa, bila hata kumtikisa. Akamwinamia Ithungu dirishani. “Simama kila baada ya muda. Weka mkono katikati ya gurudumu, hesabu hadi kumi. Mkono ukivumilia, nenda. Ukikataa, simama. Na usimwage maji. Hata tone.”

Basi wakaenda, Ithungu kwenye usukani na redio imezimwa, Kahambu nyuma na mwavuli juu ya uso wa Biira. Walikuwa wamepatana: Kahambu akigonga paa mara moja, simama. Kasese yote Ithungu alisikiliza kwa matako, kama wasemavyo madereva. Hakukuwa na mngurumo. Kikorongo, kwenye njia panda, alishuka akaweka mkono: kumi, bila tabu. Nyuma, Kahambu aliweka mgongo wa mkono kwenye shavu la Biira.

“Yuko namna gani?” Ithungu aliuliza.

“Anapumua. Gurudumu?”

“Linapumua.”

Karibu na Kinyamaseke paa liligongwa. Ithungu akaliingiza gari pembeni na vumbi lake. Akapanda nyuma. Biira alikuwa ameinua kidole kimoja.

“Anauliza kama tumepita Kikorongo,” Kahambu alisema.

“Tumepita, mama! Tumepita zamani!”

“Basi usipige kelele,” Biira alisema.

Palepale Ithungu alipima gurudumu. Akahesabu hadi nane, akauondoa mkono. Akajidanganya kwamba nane ni karibu na kumi. Mjini Bwera, mbele ya duka la mbao, alihesabu nne, na mkono ukaruka wenyewe. Harufu ya grisi iliyoungua ilimpanda puani. Saa kumi na moja ilikuwa imepita. Kilima kilikuwa pale mbele, kinaonekana, nyumba ya mama yake ni ule mkunjo wa kijani karibu na wingu, na yeye hawezi kufika.

Watu wa Bwera hawakosi pa kutazama. Mmoja akaja mbio na jeri-kani.

“Mwagia maji, mama, itapoa mara moja!”

Maji yalikuwa hapo, masafi, yanacheza ndani ya jeri-kani. Ithungu alinyoosha mkono, kisha akaurudisha kana kwamba ameona nyoka. Akapiga simu.

“Tsongo. Linakataa mkono. Nne.”

Nyuma ya Tsongo watu walikuwa wakiimba.

“Uliongeza spana.”

“Niliongeza.”

“Nilijua. Nilikaa hapa nikajua.” Akapumua. “Jua bado liko juu, Mama Evas. Lakini kama ingekuwa Jumapili ningepiga jeki hapo hapo, nisitoe hata gurudumu. Kifuniko, pini, kulegeza, kisha vidole. Vidole vya mtoto mchanga.”

Alifanya hivyo kwa magoti kwenye lami, watu wakimzunguka na kila mmoja ana ushauri wake, na Kahambu nyuma akiwafokea kwa sauti ya Butembo: “Mwache mutu afanye kazi! Nyie beko wengi kama nini?” Nati ilimwunguza ncha za vidole. Aliilegeza, akairudisha kwa vidole hivyo hivyo vilivyoungua, akazungusha gurudumu, likazunguka lenyewe bila kugugumia, si kama lilivyokataa kuzunguka Rukoki naye akajifanya haoni. Akatia pini. Wakangoja lipoe, dakika kumi na tano, na kila dakika ilikuwa na pumzi ya Biira ndani yake, ndefu, halafu hakuna, halafu tena ndefu.

Ihandiro waliipanda kwa gia ya kwanza. Barabara ilipoisha, Jonan, kaka yake Ithungu, alikuwa anangoja na wanaume wanne na machela ya mianzi. Walimhamisha. Njia ile ya miguu Ithungu aliipita akiwa nyuma, anatazama kisogo cha mama yake, hajui macho yako wazi au yamefungwa, na hakuthubutu kuuliza. Mlangoni Jonan alisimama. Ithungu akajipenyeza mbele.

Yalikuwa wazi. Yaliutazama mlango, ile mbao ya buluu iliyobanduka rangi, yakautazama juu hadi chini.

“Nani amepigilia hii bawaba?” Biira aliuliza.

“Mimi, mama,” Jonan alisema.

“Imekaa upande.”

Ndipo wakamwingiza.

Alikata roho kabla jogoo wa pili hajawika, kitandani kwake, Kahambu akiwa amemshika mkono mmoja na Ithungu ule mwingine.

Jumapili saa nne waombolezaji walikuwa wamejaa uani, na Ithungu amekaa chini, vidole vimefungwa kitambaa. Pikipiki ililia chini kule ilipoachwa pikapu. Baadaye kidogo akasikia jeki. Alishuka. Tsongo alikuwa amevaa ovaroli lake la kazi lenye viraka, amelala ubavu kwenye nyasi, analishika gurudumu juu na chini, analitikisa. Halikuitikia.

“Beringi mpya hukaguliwa siku ya pili,” alisema bila kugeuka. “Pole sana, Mama Evas. Aliuona?”

“Aliuona. Akakosoa bawaba.”

Tsongo alifungua kifuniko, akatazama, akagusa nati kwa kidole kimoja, akafunga bila kuongeza wala kupunguza. Akapangusa mikono kwenye nyasi.

“Imekaa,” alisema. “Hiyo bawaba nayo iko wapi? Leo ni Jumapili.”